Shamba linajaa maji, nichukue planta gani? Maswali yenu ya masika

Mwezi huu maswali mengi yametoka ukanda wa chini, Mbuguni, Kahe, Mabogini, alafu machache ya juu huko Siha na Monduli, na karibu wote mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, yani udongo umelowa sasa mashine gani inafaa na tulime vipi. Nimechagua matano, majina nimeyatoa. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana najua limewagusa wengi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nalima Mbuguni huku chini ya Usa River, heka 12 za udongo mweusi, mahindi na maharage. Kila masika hali ni ileile, trekta la kukodi linakuja linapiga disk plau, siku mbili baadae linarudi kupiga haro mara mbili ndo tunapanda na planta ya mistari miwili. Mvua ikichapa wiki moja maji yanasimama, mbegu zinaoza, karibu nusu ya shamba narudishia kwa jembe. Sasa mume wangu kapata mahali inauzwa planta ya kupanda bila kulima, anasema hiyo ndo dawa yetu. Tuichukue? (Mama wa Mbuguni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Msitoe hela kwanza. Planta ya kupanda bila kulima ni kitu kizuri na hapo mbele nitaitetea, ila haina uwezo wa kutoa maji shambani. Mbegu ikifunikwa na maji inakosa hewa, inakufa, hata kama imewekwa na mashine ya bei kubwa kuliko zote Tanzania. Na hata mahindi yaliyokwisha kuota hayajasalimika bado, kwa sababu mpaka mche ufikishe majani kama sita ile sehemu yake inayokua inakuwa bado iko chini ya ardhi, maji yakituama juu yake siku mbili mpaka nne na jua linawaka, umeshaupoteza. Maharage ndo usiseme, yenyewe hata maji yasiposimama juu, udongo ukilowa muda mrefu tu mizizi inaoza.

Kwahiyo kwanza tujue maji yanasimama kwa nini. Siku moja baada ya mvua kubwa nenda pale panapotuama, chimba shimo la kufika magotini, alafu chukua kisu uchome chome ubavu wa shimo toka juu kushuka chini. Ukikuta juu ni tope, alafu kwenye sentimita 15 mpaka 25 hivi kisu kinagoma, na chini ya hapo udongo una unyevu wa kawaida tu au mkavu kabisa, basi una gamba. Hilo gamba limetengenezwa na disk plau kupita kina kilekile miaka nenda rudi, na tairi la trekta kukanyaga ndani ya mfereji wa plau, na kila haro ya ziada kwenye udongo mbichi inalizidisha. Ng'oa na bua la mahindi la msimu uliopita uangalie mzizi, kama umeshuka chini au umefika mahali ukakata kona ukaenda pembeni, mzizi haudanganyi. Lakini ukikuta tope mpaka chini na shimo lenyewe linaanza kujaa maji toka chini, hayo ni maji ya ardhini, hapo panataka mfereji wa kuyatoa au uamue pawe pa mpunga, na mi naona kupageuza pawe pa mpunga ni uamuzi wa busara kabisa kuliko kupigana na mahindi kila mwaka.

Tuseme umekuta gamba, maana kwa maelezo yako nahisi ndo lenyewe. Gamba linapasuliwa na ripa au subsoila, yani jino refu la chuma linalopasua udongo bila kuugeuza, na kazi hiyo inafanyika kiangazi, Januari na Februari kabla ya masika au Agosti na Septemba baada ya kuvuna. Hapa naomba mnisikilize vizuri wote mnaosoma, kwa sababu nimeona watu wakilipia subsoila mwezi wa nne. Chuma kikipita udongo ukiwa mkavu gamba linapasuka pande zote mpaka unasikia madongoa yakivunjika, kikipita umelowa kinachana tu kama kisu kwenye sabuni, kinaacha mfereji mwembamba ambao kuta zake zimesilibwa, wiki mbili baadae umejifunga. Hela imeenda na mafuta yameenda.

Ila kwa udongo mweusi wa mbuga kupasua gamba hakutoshi peke yake. Udongo huo kiangazi unajipasua wenyewe nyufa za kuingiza mkono, mvua ikinyesha unavimba nyufa zinafunga, na ukishafunga maji yanashuka polepole sana. Sasa kama maji hayashuki chini inabidi yapate pa kutokea pembeni, na mmea ukae juu yake. Wenzetu wa Ethiopia kwenye nyanda za juu wana udongo wa namna hiyo hiyo na njia iliyopendekezwa kule ni tuta pana, juu sentimita 80 alafu mfereji wa 40, wanapanda juu ya tuta maji yanapita kwenye mfereji. Kwa mahindi na trekta letu la kawaida mi ningekushauri upanue kidogo, toka katikati ya mfereji mmoja mpaka katikati ya mwingine iwe sentimita 150, juu yake mistari miwili ya mahindi iliyoachana sentimita 75. Kwa nini 150? Kwa sababu tairi za trekta nyingi zinaweza kusogezwa ziachane 150, basi tairi zinatembea kwenye mifereji tu, palipopandwa hapakanyagwi kabisa, toka kupanda mpaka palizi. Na tairi inapopita mara ya kwanza kwenye udongo laini ndo inafanya uharibifu mwingi, kupita mara ya pili na ya tatu mahali palepale hakuongezi sana, ndo maana ni bora ukubali mistari michache iumie kila siku kuliko kuumiza shamba zima kidogo kidogo.

Mifereji iwe na mteremko mdogo, sentimita 30 mpaka 50 kwa kila mita 100 inatosha, ukizidisha maji yatakuchimbia korongo. Tumia fremu ya A (miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe inaning'inia katikati) au kamba na pima maji ya fundi mwashi, kupima kwa macho kwenye tambarare ya Mbuguni hakufai. Na mwisho wa mifereji maji yanakwenda wapi? Kama ni kwa jirani kaa nae mwongee kabla, ikibidi na serikali ya kijiji iwepo, mfereji mmoja wa pamoja pembeni ya mashamba matatu manne unawasaidia nyote.

Sasa kulima. Hiyo haro mara mbili kwenye udongo mbichi iacheni. Kabla trekta halijaingia fanya kipimo hiki, chukua udongo wa kina ambacho chuma kitafika (wa juu utakudanganya, jua limeshaupiga), uviringishe viganjani ufanye kamba. Ikiviringika mpaka ikawa nyembamba kama mrija wa wino ulioko ndani ya kalamu ya Bic, milimita 3 hivi, bila kukatika, udongo umelowa mno, mwambie dereva arudi nyumbani. Ikikatika katika kabla ya kufikia wembamba huo ingia. Najua ugumu ulipo, trekta ni la kukodi na dereva ana foleni ya wateja, leo ukimkatalia anarudi baada ya siku kumi. Ndo maana napenda matuta yatengenezwe Februari udongo ukiwa unalimika, masika ikija wewe kazi yako iwe kupanda tu. Wengine kwenye udongo mweusi wanapanda kabisa kabla mvua haijaanza, mbegu inaisubiri mvua ardhini, inafanya kazi ila isukume chini zaidi kidogo ili mvua moja ya kudanganya isiioteshe ikaja kufa na jua.

Haya, planta yenyewe. Ukienda kuiona usiangalie rangi, piga magoti uangalie vitu vitatu. Cha kwanza ni kinachofungua mfereji wa mbegu, kama ni visahani viwili vilivyokutana mbele au ni jino. Kwenye mfinyanzi mbichi visahani vinasiliba kuta za mfereji, mbegu inalala kwenye kitu kama chungu kibichi, jua likiwaka siku tatu mfereji unaachama mbegu unaiona kwa macho. Jino linavuruga zaidi, linaacha udongo wa tifutifu kuzunguka mbegu, kwa udongo wako ningechukua jino. Cha pili gurudumu la kufukia. La mpira pana lenye springi kali linakandamiza udongo mbichi juu ya mbegu mpaka mche unashindwa kutoka, legeza springi mpaka mwisho, au tafuta lenye meno meno, au wakati wa tope litoe kabisa na uburuze kipande cha mnyororo mzito nyuma, kinafukia vizuri tu. Cha tatu gurudumu linalopima kina, liwe na kikwangulio cha tope. Tope likiganda kwenye hilo gurudumu linakuwa nene, planta inainuka, mbegu inaachwa juu juu na kunguru wanakushukuru. Masika kwenye udongo uliolowa panda mahindi sentimita 3 mpaka 4, ile 5 iache kwa udongo wa kawaida.

Na mwambie dereva ashushe planta trekta likiwa linatembea mbele. Akiishusha limesimama, au akarudi nyuma hata hatua moja ikiwa chini, tope linapanda kwenye bomba la mbegu linaziba, mtatembea nusu heka mnapanda hewa. Jioni mbolea itoke kwenye tenki lake, DAP ikilala na unyevu asubuhi ni jiwe.

Nilisema nitaitetea planta ya kupanda bila kulima. Shamba likishapasuliwa gamba na maji yana pa kwenda, ukiacha kulilima kwa miaka kadhaa mizizi na minyoo vinatoboa matundu, mvua inazama haraka zaidi na trekta halizami kama kwenye shamba lililolimwa. Lakini ukiianza juu ya gamba miaka ya mwanzo itakuwa mibaya kuliko sasa hivi, na watu wengi wanaikatia tamaa hapo. Kwahiyo anzeni na heka 2 au 3 zenye matuta, planta ileile ya kukodi, muone. Mkitaka kununua mwakani pitieni CAMARTEC pale Arusha, kituo kimeanzishwa 1981 na moja ya kazi zake ni kupima zana za kilimo, waulizeni maswali yote mliyonayo kabla ya kutoa hata shilingi.

SWALI: Habari kaka mkubwa. Tunalima ngano na shayiri West Kilimanjaro heka 60 na ndugu zangu. Kuna dril (mashine za kupandia nafaka kwa mistari) mbili zilizotumika zimetoka Uingereza, moja ya disk ya kupanda moja kwa moja, nyingine ya meno. Nimeangalia video za wakulima wa huko, wanapanda kwenye majani mabichi kabisa na ardhi imelowa na ngano inatoka safi. Ipi tuchukue? (Msomaji, Siha)

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Kwenye hizo video kuna kitu hakionekani, kiko chini ya ardhi. Mashamba mengi ya mfinyanzi ya Uingereza yamelazwa mabomba ya kutoa maji, ya zamani ni ya udongo wa kuchomwa, ya siku hizi plastiki, na juu ya mabomba wanavuta chuma chenye kichwa kama risasi kinachoacha tundu refu ndani ya mfinyanzi, maji yanapita kwenye tundu yanaangukia kwenye bomba yanatoka mtaroni. Alafu ngano yao ya msimu wa baridi wanajitahidi waipande Septemba na Oktoba kabla ardhi haijashiba maji, wakichelewa wengi wanasubiri mpaka Machi. Kwahiyo ile ardhi unayoiona imelowa ina mfumo mzima unaoibeba, mashine ni sehemu ndogo ya kazi.

Sasa nyie. Udongo wa volkano wa mteremkoni huko kwenu ni mwepesi unapitisha maji kuliko wa Mbuguni, shida yenu kubwa kwa maoni yangu ni maji kushuka na udongo. Kwa sehemu za mteremko naipigia kura disk, kwa sababu inagusa udongo kidogo na mabaki ya ngano yanabaki juu yanazuia mmomonyoko. Lakini disk ina ugonjwa wake, majani yakilowa haiyakati, inayakunja inayasukuma ndani ya mfereji na mbegu inakaa juu ya majani badala ya kwenye udongo, hiyo mbegu inaota vibaya au inaoza. Dawa yake ni kusubiri majani yakauke, saa tano sita mchana umande umeshatoka, na wakati wa kuvuna kombaini isambaze makapi upana wote isiache mstari mmoja mnene nyuma yake. Pia disk inahitaji uzito mkubwa ili izame, na huo uzito kwenye bonde lililolowa unageuka kuwa gamba.

Jino linazama kwa uzito mdogo, halikunji majani ndani, ila mabaki yakiwa marefu yanajikusanya kwenye meno unaburuza furushi. Kama mna mashamba ya bondeni yanayotuama, na mabaki yanaliwa na mifugo kama ilivyo sehemu nyingi za kwetu, dril ya meno itawapa amani zaidi. Mngeniambia niwachagulie moja tu kwa heka zote 60 na sijaona shamba, ningesema ya meno, kwa sababu nyingine pia ambayo haihusu maji, jino likiisha fundi yeyote mzuri wa Unga Limited pale Arusha anakuchongea na kukuchomelea, disk na beringi zake ni mpaka utafute spea inayolingana kabisa. Kabla ya kulipa shika kila disk utikise, ikicheza beringi imekwisha. Uliza inahitaji trekta la nguvu za farasi wangapi, msije mkanunua dril ambayo trekta lenu linaivuta kwa kuzimia.

Tairi nazo. Wengi tunajaza maji kwenye tairi za nyuma ili trekta liwe zito la kuvuta plau, sawa, lakini kwenye kupanda huo uzito hauna kazi, utoeni. Na upepo wa barabarani sio wa shambani, punguzeni mpaka kiwango cha chini ambacho mwenye tairi amekiandika kwa uzito wenu. Upepo mkali unaumiza udongo wa juu, uzito wa ekseli unaumiza udongo wa chini kabisa ambako ripa haifiki, na uharibifu wa huko chini unakaa miaka mingi.

Dril yoyote mtakayochukua ipimeni mbegu wenyewe, msiamini bango lililobandikwa kwenye tenki maana ngano ya huko na ya kwetu punje hazilingani. Inueni kwa jeki, wekeni turubai chini, zungusheni gurudumu linaloendesha mbegu. Mfano upana wa dril ni mita 2.5 na mzunguko wa gurudumu ni mita 2, kila mzunguko ni mita za mraba 5, mizunguko 40 ni mita za mraba 200, ambayo ni kama sehemu moja ya 20 ya heka. Kama mnataka kilo 40 kwa heka basi kwenye turubai ziwepo kilo 2. Alafu mkumbuke kwenye tope hilo gurudumu linateleza, linaburuzwa bila kuzunguka, mbegu zinazoshuka zinakuwa pungufu kuliko mlizopima, kwahiyo mkishapanda heka ya kwanza angalieni mfuko umepungua kilo ngapi kweli.

SWALI: Mwalimu za kazi. Niko Mabogini, jaruba zangu ni heka moja na nusu, napandikiza kila msimu na vibarua wamepanda bei. Nasikia kuna dramu ya kupandia mpunga. Na kwa pawatila (lile trekta dogo la kusukuma kwa mkono) natakiwa nivuruge tope mara ngapi? (Kijana wa Mabogini)

JIBU: Salama kijana. Kwako tope ndo rafiki. Ule uvurugaji unaotengeneza gamba ambalo nimelilaumu hapo juu, kwenye jaruba unalitaka, linashika maji yasizame, na kwenu mnajua wenyewe maji ya mfereji yanavyogombaniwa. Vuruga mara moja, acha siku chache magugu yaote, vuruga tena na kusawazisha, kwa kawaida inatosha. Pawatila ifungwe magurudumu ya chuma yasizame. Ila kusawazisha usiharakishe, kwa sababu hiyo dramu unayoiulizia inakufa au kupona kwenye kusawazisha. Ingiza maji kina kidogo uone vilima vinavyochomoza na mashimo, toa udongo huku peleka kule.

Dramu ni mapipa madogo yenye matundu kwenye ekseli moja, unaivuta kwa mkono, nyingi zinatoa mistari 8 iliyoachana sentimita 20. Mbegu unailoweka masaa 24, unaifunika gunia masaa 24 mengine, inachomoza kinundu cheupe tu. Ukiizidisha vimizizi vinakuwa virefu vinashikana, haishuki. Usijaze dramu, nusu au theluthi mbili, ikijaa sana mbegu haichezi. Toa maji yote jaruba libaki tope laini linalong'aa, vuta mwendo wa kawaida, alafu usirudishe maji siku mbili tatu mpaka mbegu ishike. Utatumia kilo 12 mpaka 16 kwa heka, pungufu sana kuliko kumwaga kwa mkono.

Hasara yake nakuambia wazi, magugu. Ukipandikiza mche una wiki tatu, unayapita magugu na maji unafungia mapema, ukipanda kwa dramu mpunga na magugu vinaanza siku moja. Mistari inakusaidia kupita na mashine ya palizi ya kusukuma kwa mkono, kwahiyo kama huna hiyo palizi na hauko tayari kuingia siku ya 15 hivi na kurudia, endelea kupandikiza. Ndege pia, siku za kwanza awepo mtu wa kulinda. Sehemu ya jaruba isiyotoa maji vizuri iache ya kupandikiza, sioni ubaya wa kuchanganya njia mbili. Una bahati chuo cha kilimo KATC kiko hapo hapo Chekereni, na shughuli zao za mpunga zinajulikana toka skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ijengwe kwa msaada wa Japani miaka ya 80, nenda ukaulize wakuonyeshe dramu kwa vitendo kabla ya kununua.

Na kama baada ya mpunga unapanda maharage kwenye jaruba hilohilo, kumbuka gamba lako la mpunga sasa limekuwa adui. Tengeneza matuta, usipande bapa.

SWALI: Shikamoo mzee. Tuna maksai wanne na ripa ya Magoye, Monduli chini. Mvua zimeshaanza, turipu sasa hivi au tulime kwa plau? (Vijana wa Monduli)

JIBU: Marahaba wanangu. Msiripu. Ripa ya Magoye, ile ya asili ya Zambia inayofungwa kwenye mti wa plau ya kawaida, ni ya kiangazi, inapasua mstari tu na mvua ya kwanza inazama humo. Kwenye udongo uliolowa mtawachosha ng'ombe bure, na kwato za maksai wanne zinakandamiza kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka huu subirini siku mbili tatu za jua, fanyeni kile kipimo cha kamba ya udongo, ukifaa pandeni kwenye mistari ya zamani bila kugeuza shamba zima, plau itumike pale penye nyasi nyingi tu. Ngwara (fiwi, jamii ya kunde) ikishika katikati ya mahindi itasaidia kuweka udongo wazi, ili mradi mkubaliane na wenye mifugo isiliwe yote, najua hilo kwenu ni mazungumzo marefu. Januari mwakani ndo muingie na ripa, ng'ombe wakiwa wameshiba mabua.

SWALI: Dada yangu alileta ile planta ya kusukumiza kwa mkono yenye midomo miwili, tope linaziba kila hatua. Imeharibika? Niko Kahe. (Msomaji, Kahe)

JIBU: Haijaharibika dada. Mdomo wake unaingia ardhini umefungwa, unafunguka mbegu inadondoka, kwenye mfinyanzi mbichi tope linabaki kati ya midomo haufungi tena. Beba kijiti na kitambaa kiunoni, futa kila mwisho wa mstari, na hakikisha unaichomoa huku midomo ikiwa wazi, ukiifunga kabla ya kuitoa ndo unavuta tope ndani. Mahali palipolowa kabisa tumia kijiti cha kawaida na mkono. Hiyo planta itunze vizuri kwa kazi ya kurudishia, siku 7 mpaka 10 baada ya kupanda mahindi unapita kwenye mapengo bila kuinama na bila kufukua yaliyoota, hapo ndo utaiona faida yake. Ukimaliza iloshe, ipake oili chafu kidogo kwenye bawaba, iweke mahali pakavu. Na urea usiiguse mpaka maji yatoke shambani, ukiitia kwenye maji yaliyotuama sehemu kubwa inapotea hewani na mahindi yanabaki manjano vilevile.